Askari wa Kulinda Vyura

Wakati wa vita, batoto wa shule moja ya Mususa, hapa Butembo, walichimba kidimbwi bustanini ili vyura wapate makao. Komanda akapita, akaona shimo, akamukamata mwalimu.

— Hii ni tranchée, handaki ya adui. Twende cachot, gerezani. Batoto, fukieni.

— Hapana, afande, ni nyumba ya vyura, mwalimu akajitetea.

Mimi, ambaye mudomo wangu unajulikana mpaka Beni, nikasogea.

— Afande, mukifukia, vyura batahamia kwenye maji ya karibu. Ni kule kambini kwenu.

Akakuna kichwa.

— Banaliaka usiku?

— Mpaka asubuhi.

Akamuachilia mwalimu, akaweka askari mwenye bunduki pale kidimbwini, vyura wasihame.

Sisi raia tulikuwa tukilia tupewe mulinzi tangu vita ianze. Kosa letu, tulikuwa tunalilia mbali na kambi.