Glasi ya Mvinyo Kwenye Somo la Wajawazito

Subira yangu ilikatika mkuu wa ofisi aliposema, mbele ya wenzangu wote, kwamba akili yangu nimeiacha kwenye nepi. Nilikuwa nimetoka kumnyonyesha mwanangu chini ya ngazi, ambako mamangu aliniletea kila adhuhuri. Kupanda juu, nikamkuta anawasimulia watu aibu ya Msambweni, na mwenye kosa ni mimi.

Ofisi yetu ilikuwa Kona ya Musa, Ukunda, juu ya duka la misumari na rangi. Tulitengeneza masomo ya kusomwa kwenye kompyuta: mengine ya wahudumu wa hoteli za Diani, mengine ya akina mama wajawazito, chini ya mradi uliokuwa na kamati yake Kwale. Masomo ya akina mama yalikuwa yangu.

Katika programu ile, ukishapanga ukubwa wa herufi, rangi na picha ya pembeni, unaweza kuufanya mpangilio huo uwe mtindo wa kuanzia. Kila somo jipya litakalofunguliwa, liwe la nani au la nini, litauvaa. Mimi niliweka mtindo mtupu: herufi kubwa nyeusi, ukurasa mweupe, picha hakuna. Mitindo ya hoteli nikaihifadhi kando, kila mmoja na jina lake, ukiutaka, unauita. Nilimweleza mkuu, akaitikia, "Sawa, madam."

Sawa gani? Kuuita mtindo aliona kazi. Kila akishika somo la hoteli aliufanya mtindo wa hoteli kuwa ndio wa kuanzia, akimaliza anakwenda zake, na wa kurudisha ni mimi. Nilisema mpaka nikachoka. Nikabandika karatasi ya kumkumbusha juu ya kompyuta. Akaibandua, eti inamkera macho.

Kisha mwanangu akashikwa na homa, nikabaki nyumbani. Sehemu ya mwisho ya somo la wajawazito, ile ya kunyonyesha, mkuu akaifungua kama somo jipya na kuimaliza yeye. Niliporudi, gari lilikuwa limeshapakiwa kompyuta, linaningoja mimi tu. Sikupewa hata nafasi ya kulitazama somo.

Ukumbini Msambweni walijaa akina mama wa kwetu, wengine wanijua tangu utotoni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Ilipofunguka sehemu ya kunyonyesha, pembeni mwa ukurasa ikasimama glasi ya mvinyo mwekundu. Nikafungua ukurasa wa pili: glasi. Wa tatu: glasi.

Mkunga mzee aliyekaa mbele akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii dawa ya kuongeza maziwa twaipata wapi?"

Wakacheka, nami ningeweza kucheka nao. Lakini mama mmoja alimshika mkono mkaza mwanawe, mimba imeshakua, akamwinua. "Twende zetu. Hawa wamekuja kutufunza ulevi." Wengine wakafuata. Nilibaki na viti.

Sasa huyu bwana ananiambia nepi.

"Mkuu," nikamwambia, "fungua somo jipya sasa hivi, sote tuone."

"Usinifundishe kazi, mama."

Nikalifungua mwenyewe. Ukurasa haukuwa na hata neno moja, na glasi ile ya mtindo wa hoteli pale pembeni, nyekundu. Mwenzetu mmoja akakohoa. Mkuu akasema kompyuta zina mambo yake, na kwamba kwa vile nina mtoto mchanga, masomo ya akina mama atapewa mtu asiye na shughuli nyingi. Yaani kunyonyesha kufunzwe na asiyenyonyesha!

Nilikwenda Kwale na mtoto mgongoni. Katibu wa kamati alinisihi tuyamalize kwa mazungumzo, huyo ni mkubwa wangu. Nikamwomba apige muhuri kwenye barua yangu. Niliandika hivi:

"Ninamlalamikia rasmi mkuu wa ofisi ya Ukunda. Alibadilisha mtindo wa kuanzia bila kumwambia mtu, ilhali nilikwisha kumweleza kwamba kila somo jipya litauchukua. Kosa lake amenitwika mimi, na sasa analifanya sababu ya kuninyang'anya kazi yangu. Naomba mtindo huo usibadilishwe na yeyote, hata yeye, bila ofisi nzima kujulishwa. Naomba aende Msambweni mwenyewe akawatake radhi wale akina mama. Na somo lile lirudiwe, msimamizi nikiwa mimi."