Nyota Pacha za Tihomir

Tihomir Jevrić alizeekea kwenye nyota pacha. Katika kituo cha nyota kilichokuwa kilimani nje ya Niš, kazi yake ilikuwa kupima mwanya kati ya nyota mbili zinazozungukana, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia zinazopitia zijulikane. Mwenzake Ljubinka, mwenye umri wa binti yake, ndiye aliyepiga hesabu za uzito wa nyota hizo. Mwanya ukizidishwa kidogo tu, uzito hufura kama unga uliotiwa hamira.

Mtoto wa jicho alimwingia taratibu. Nyota zikawa na ukungu, naye akawa anakisia zinapoishia. Angesema, lakini kituo kizima kilimsifia macho, na mpimaji asiyeona ataambiwa nini ila aende akalee wajukuu? Akanyamaza.

Ljubinka akapata jambo la ajabu: nyota mbili ndogo za manjano zilikuwa nzito kupita kiasi. Mkuu wa kituo akamwuliza wakati wa chakula kama vipimo vina walakini.

“Vipimo ni vya Mzee Tihomir,” alisema. “Walakini ukiwepo, ni wangu.”

Tihomir akainamia supu yake. Majira yote ya baridi binti yule alirudia hesabu zile zile, na mzee akipita mlangoni humwambia, “Usijichoshe, mwanangu.”

Wakaenda mkutanoni Ljubljana. Ljubinka alipomaliza kusoma matokeo yake, mtaalamu wa kituo kingine akasimama na picha ya nyota zile zile. Mwanya ulikuwa mdogo kuliko walivyosema.

“Bibie, nyota hizi ulizipimisha kwa muuza nyama, kidole kikiwa juu ya mizani?”

Ukumbi ukacheka. Ljubinka akamtazama Tihomir, aliyekaa mstari wa mbele.

“Kosa ni langu,” akajibu.

Kwenye treni ya kurudi, Tihomir alimenya yai asilile.

“Ljubinka, si hesabu. Ni macho yangu. Sioni sawasawa tangu mwaka juzi.”

“Nimeshajua.”

“Tangu lini?”

“Picha ilipoonyeshwa. Nikakumbuka wakati wa kuja ulimpa kondakta leso ukidhani ni tiketi.”

“Na bado ukajitwika?”

“Ningefanyaje, mzee wangu? Nikunyooshee kidole mbele za watu?” Akageukia dirisha. “Lakini baridi nzima umeniona nahangaika. Hilo ndilo linaloniuma.”

Laiti angemtukana. Tihomir alikaa na yai lake mkononi mpaka Zagreb.

Jumatatu, watu wakiwa mezani, alisimama akawaeleza yote. Akampigia simu na yule mwenye picha. Vipimo vya Tihomir vya miaka ya karibuni vikafutwa vyote.

Mwezi wa tano alipasuliwa jicho, akaona vizuri. Ljubinka alimkaribisha tena kwenye darubini kwa heshima ile ile, ila kila nyota aliyoipima mzee, naye huipima upya, kimyakimya, mzee akishatoka. Tihomir alijua. Hakuwa na uso wa kumwuliza.