Aliyechora Amewahi Kukamua

Kila saa ya chakula, karani wa kituo cha maziwa pale Molo huegemeza simu yake kwenye mkebe na kuwaita wenzake waangalie ile katuni ya Kijapani ya majoka na uchawi. Vidole vyake hunukia maziwa hata baada ya sabuni. Jana Chesang, anayepima maziwa, alichoka.

"Vita imeisha dakika mbili, na sura ya shujaa inabadilika kila saa. Hii kitu ni bure."

Karani aligusa simu. Akairudisha katuni nyuma hadi pale msichana anapopanguza kiwele kwa maji moto, kisha anangoja ng'ombe ashushe maziwa.

"Vita wachoraji walikimbiza," alisema, mikono yake mwenyewe ikikunjika na kukunjuka polepole. "Lakini hapa walingoja. Huyu aliyechora amewahi kukamua."

Chesang akapindua mkebe mtupu, akaukalia mbele ya simu.