Grafu Iliyonichongea

Juzi nilipanda treni kwenda kumzika bibi yangu, kule jirani na Kigwa, na tulipofika kwenye daraja la korongo nikafumba macho. Abiria mwenzangu akacheka, akidhani nasikia kichefuchefu. Nilikuwa naogopa, rafiki yangu, vile vile nilivyoogopa nikiwa darasa la sita.

Masika ya mwaka ule, njia yetu ya chini ya kwenda shule ilijaa maji. Kuzunguka kulichukua zaidi ya saa nzima, na mwalimu wa hesabu alikuwa akisimama langoni na fimbo, akingoja wachelewaji. Basi nikawa nakatiza kwenye daraja lile la reli. Bibi alishanikataza. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," alisema huku akinifungia viazi vya kuchemsha, vya moto bado. Kila asubuhi niliinama nikalaza sikio kwenye chuma cha reli, nikasikiliza. Kikiwa kimya, nilitimua mbio juu ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, maji yakinguruma chini na pa kukwepea hakuna. Treni ya mizigo haikuwa na saa maalumu.

Siku moja mwalimu akatuagiza tuchore grafu ya safari ya kuja shule: umbali uende juu, muda uende kulia. Nilipima kwa hatua na kwa saa ya mkononi ya bibi, nikachora kwa uaminifu wa kijinga. Nilijua mstari hauwezi kutaja daraja.

Mwalimu akasimama nyuma yangu, akaweka kidole pale mstari ulipolala.

"Hapa dakika zinakwenda, umbali hauongezeki. Ulisimama. Halafu ghafla unapanda hivi, mkali. Ulikimbia. Ulisimama kusikiliza nini?"

Kalamu ikanidondoka.

"Treni, mwalimu."

Nikangoja fimbo. Yeye akaenda dawati kwa dawati, akifunua madaftari ya watoto wa upande wetu. Akakuta mistari mingine minne, imelala kidogo kisha imepanda vile vile. Akarudi kitini, akajifuta uso.

Kesho yake tulimkuta darajani alfajiri, upande wetu wa nyumbani, suruali imelowa hadi magotini. Akatuongoza kwa njia ndefu. Tulichelewa sote, yeye akiwa mbele.

Bibi hakuambiwa. Mwalimu naye alishatangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Watu wawili ambao wangenililia kama ningeanguka pale wote wameondoka, na mimi bado naogopa.