Sinema Niliyoitazama Nyuma ya Shuka

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini na msinikatize. Mnasema sinema nyeusi na nyeupe zinachosha. Mimi sikusoma sana, lakini sinema ya upelelezi naijua. Zile za zamani mtu ana kofia yake, anakaa, anawaza, na wewe unawaza pamoja naye. Za siku hizi wanakimbizana na magari, chumbani giza tupu, mpelelezi analia kwa sababu mkewe amemwacha. Nani kamuuliza habari za mkewe?

Nilipokuwa msichana, misheni ya karibu na Njombe walituonyesha sinema moja uwanjani, kwenye shuka jeupe. Mbele watu walijaa, kwa hiyo sisi wasichana tuliochelewa tukakaa nyuma ya shuka. Picha ilipenya vizuri tu. Katekista akawa anatueleza kwa Kibena: tajiri ameuawa kwa kisu, na mpelelezi amegundua kuwa muuaji ni mashoto. Nikaanza kukagua mikono. Daktari anaandika kwa kushoto. Mke wa marehemu anamimina chai kwa kushoto. Nikajiambia, kumbe Wazungu karibu wote ni mashoto! Mtunza bustani peke yake ndiye aliyekata maua kwa kulia. Huyo nikamwondolea lawama, nikamkamata daktari, maana alikuwa na macho ya mwizi. Kabla mpelelezi hajamtaja mtu, jenereta likaishiwa mafuta, tukarudi nyumbani.

Rafiki yangu aliyekaa mbele akasema ni mtunza bustani. Nikamwambia hana akili. Baadaye niliolewa na kaka yake, akawa wifi yangu, na ubishi ukahamia ukweni. Tukawekeana ahadi: siku ukweli ukijulikana, aliyekosea atamwamkia mwenzake shikamoo. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Mimi nimpe yeye shikamoo? Sikulala nikiwaza hivyo.

Mwaka huu mjukuu wangu anayesoma chuo alikuja likizo kwangu Makambako, nikamsimulia. Akatafuta kwenye simu, akaiunganisha na televisheni. Wifi akaitwa kutoka Kifanya, akaja na kiroba cha viazi na maneno mengi. Wajukuu wadogo nao wakajipanga kwenye mkeka.

Kwanza tukapata ile iliyotengenezwa upya. Tajiri amekuwa mwenye kampuni ya simu, mtunza bustani hayumo kabisa, na muuaji ni mtoto wa kambo.

"Huyu naye katoka wapi?" wifi akauliza.

"Wamebadilisha, Bibi, ili wanaoujua mwisho wasiboreke," mjukuu akasema.

"Sisi ndio wa zamani wenyewe, na huo mwisho hatuujui!"

Mjukuu akachimba tena mpaka akaipata yenyewe. Uso wa kila mtu unaonekana, hata viatu unavisikia vikipanda ngazi. Halafu daktari akaandika kwa mkono wa kulia.

"Na hii wameiharibu," nikasema.

"Bibi, siku ile ulikaa wapi?"

"Nyuma ya shuka."

Mjukuu akachora kwenye karatasi mtu ameshika kisu, akaiinua dirishani, akanionyesha upande wa nyuma. Kisu kikahamia mkono mwingine. Niliitazama ile karatasi mpaka kwenye televisheni mtunza bustani akafungwa pingu.

Wifi akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi langu. "Nasubiri."

"Shikamoo," nikasema haraka haraka.

"Sijasikia, mwanangu. Jenereta linapiga kelele."

"Shikamoo!"

"Marahaba. Hujambo? Mbona hukui?"

Wajukuu wakaanguka kwenye mkeka kwa kucheka. Nikasimama, nikazima televisheni, nikawatazama mmoja mmoja.

"Habari ya shikamoo hii haitoki nje ya mlango huu. Si sokoni, si kanisani. Atakayeitoa atamenya kiroba kizima cha viazi peke yake."