Ufunguo Ulikaa kwa Mwenye Mfuko

Koti la baba lilikuwa na mifuko minne, na wa tano ndani, kifuani. Magauni ya mama hayakuwa na hata mmoja. Kwa hiyo ufunguo wa nyumba yetu kule kijijini Hirbadaw ulikaa kwa baba. Eti mama hana pa kuuweka, ataupoteza shambani! Mama alifunga vitu vyake kwenye pindo la kitenge, fundo gumu hasa, na sikuwahi kumwona amepoteza kitu. Lakini nani alimsikiliza?

Siku za mnada baba alifunga mlango asubuhi, akashuka mnadani Katesh. Sisi tukitoka shamba tulikaa nje kumngoja, baridi inatupiga na chakula kiko ndani. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Siku moja mdogo wangu, hajatimiza hata mwaka, alichemka kwa homa tukiwa tunapalilia. Mama akamkimbiza nyumbani, nami nyuma yake. Kadi ya kliniki iko ndani, shuka kavu liko ndani, na mvua imeanza. Jirani akasema, "Msubiri tu mwenyewe arudi."

Mama alinipa mtoto, akageuza jembe, akagonga kufuli kwa mgongo wa jembe mpaka komeo likang'oka na kipande cha mbao. Akachukua kadi, akamfunika mtoto, akaondoka kwa miguu kwenda zahanati. Mtoto akapona.

Baba alirudi jioni. "Nani kavunja mlango wangu?"

"Mimi," mama alisema, bila kuinuka alipokuwa amekaa. "Ukinunua kufuli jipya, ufunguo mmoja ni wangu. La sivyo navunja tena."

Baba alicheka. Halafu akaona mama hacheki.

Wiki ile ile mama alijishonea mfuko kwenye gauni kwa mkono, kwa kitambaa cha shati kuukuu. Kanisani wenzake walinong'ona kwamba sasa anataka kuwa mwanaume. Yeye aliendelea kulivaa gauni lake, na ufunguo wake humo.

Mimi sasa ni mtu mzima, na vita ni vile vile. Nenda kwenye mitumba ujionee: suruali ya kike ina kifuniko cha mfuko na kifungo juu, ukiingiza kidole hakuna tundu. Huo ni utani gani jamani?

Mwezi uliopita nilipeleka kitenge kwa fundi mmoja Katesh, mzee mwenye mkono safi sana. Nilimpa shikamoo yake, nikamweleza vizuri: mifuko miwili, mkono uingie wote. Nilipokwenda kuchukua gauni, halina mfuko.

"Nimekuhurumia, mama," akasema. "Mfuko ungekuharibia umbo."

"Umbo ni langu, mzee wangu. Fumua."

"Kwani unataka kuweka nini humo?"

Hapo nikapandwa na hasira kweli. Nilitaka kumtajia simu, ufunguo, leso, vyote, mpaka aridhike. Nikajikuta nimefungua mdomo kuanza kujitetea, mimi, mama wa watoto watatu, kwa sababu ya kitambaa nilichonunua mwenyewe! Nikaufunga.

Nikavuta stuli, nikakaa mbele ya cherehani yake.

"Huenda nisiweke kitu chochote, mzee wangu," nikamwambia. "Shona."