Kahawa ya Kipindi cha Pili

Kosa langu la mwanzo katika ukocha, mwanangu, lilikuwa kelele. Nakuita mwanangu na mvi sina za kutosha, nisamehe.

Nakumbuka alasiri moja ya miaka ya tisini, ufukweni Sib, huku Omani. Timu ya mtaa wetu ilikuwa mikononi mwa Mzee Nasoro, winga wa kushoto wa zamani, Unguja, kisha Mombasa akilipwa kwa mpira, hadi goti likamtupa kwenye ukocha. Alitaka kuiacha timu. Mimi, niliyejifunza kwa kanda za video, niliitaka mpaka nakosa usingizi. Siku ile alikwenda mazikoni Qurayyat, akaniachia mechi.

Nikasimama mstarini. "Toa! Rudi! Kushoto, Khamisi, kushoto!" Debe tupu haliachi kuvuma. Mapumziko tuko nyuma, mbili bila. Mzee akawa amefika.

"Anacheza nani, wewe au wao?"

"Nnawafundisha, babu."

"Khamisi ana mpira miguuni, anakutazama wewe! Haya, kamata dele. Wamiminie kahawa wazee wa timu ngeni."

"Sasa hivi? Na mechi?"

"Mechi ina wenyewe."

Nikajua kanifukuza. Nikamimina, kipindi cha pili kinaanza. Desturi unaijua: mgeni haulizwi kama ametosheka. Kikombe kikirudi kimetulia, unaongeza; akikitikisa, basi. Mimi kwa wasiwasi namuuliza kila mmoja, "Nikuongeze?" Mmoja akacheka: "Kijana, macho umepewa ya nini?" Nyuma yangu Khamisi akafunga goli. Sikuliona. Tukafungwa mbili moja.

"Mombasa nilikuwa na kocha kama wewe," Mzee akaniambia tukikunja nyavu. "Nikilipwa nicheze mpira, nikacheza sauti yake."

Nilirudi nyumbani sielewi. Kaninyang'anya timu, au kanipa? Kahawa na mpira wapi na wapi? Hakunieleza, na mpaka anafariki sikuthubutu kumuuliza. Pengine hata leo nimeshika nusu tu.

Nusu hiyo ndiyo nnayokupa: sema siku za mazoezi; siku ya mechi, tazama. Mchezaji akikuhitaji utamwona, usimtangulie. Mungu akujaalie subira, na wachezaji wasiokuogopa.

Msimu uliofuata Mzee alinipa timu. Ulimi bado unaniwasha kila mechi. Ila siku hizi nakaa chini, natazama.